Msitusemee, Tuulizieni

Langoni, Amu
Mfungo Saba

Sahibu yangu Shee,

Asalaam aleikum. Dawa za mama zimefika, na waraka wenu nao umefika, nimekabidhiwa na yule jamaa yenu aliyekuja Maulidi. Bahasha niliifungulia barazani mbele ya watu, jambo ambalo hukunikataza, kwa hivyo mtaa mzima sasa unajua kwamba Waamu (watu wa Lamu) wa London, Doha na Toronto wanataka Pwani ijitawale. Wazee wamecheka. Vijana wameuliza kama kuna viza.

Umetaka maoni yangu kabla hamjatia sahihi, na umenionya nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Haya, kaa kitako.

Kwanza, mmeandika Kiswahili safi kuliko kile ninachokisikia redioni siku hizi. Pili, mpangilio mmeukosea. Kurasa nyingi mno ni za bendera na Sultani, na maji, hospitali na ardhi mmevibana mwishoni kama abiria waliochelewa boti ya Mokowe.

Habari za maili kumi, ule ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani, sizibishi. Waingereza waliukodi ukanda huu kwa Sultani wa Unguja mwaka 1895, kwa pauni 11,000 kwa mwaka, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea huku mpaka uhuru ulipokaribia. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakabadilishana barua, Sultani akaachia haki yake, nasi tukaahidiwa makadhi wetu, hati zetu za mashamba na heshima ya dini yetu. Yote hayo mmeyaandika. Mlichokiruka ni sababu ya Mwambao, yale madai ya zamani ya Pwani kujitawala, kushindwa hapa nyumbani kabla haujashindwa kwa Waingereza. Sir James Robertson alipotumwa mwaka 1961 kuja kusikiliza watu, hakuikuta pwani yenye kauli moja. Waliodai Mwambao wengi wao walikuwa Waarabu na Waswahili wa mijini, na baadhi yao macho yao yalikuwa Unguja na Maskati zaidi kuliko Kaloleni kwa Wamijikenda. Mmijikenda akisikia jina la Sultani alikumbuka mashamba na utumwa. Akamfuata Ronald Ngala, mwanasiasa wa Pwani, na majimbo yake, yaani mikoa yenye madaraka yake, na majimbo yenyewe hayakutimiza hata miaka miwili.

Ndiyo maana pale mlipoandika "sisi watu wa Pwani" nimepigia mstari kwa kalamu nyekundu. Hapa Lamu peke yake kuna Waamu, Wabajuni, Waboni, Waorma, Wapokomo na Wamijikenda, na kuna watu wa Mpeketoni walioletwa na skimu ya Ziwa Kenyatta tangu miaka ya 1970. Wajukuu wao wamezaliwa huku. Baada ya yale mauaji ya Juni 2014 kuna maneno yalisemwa katika nchi hii, kwao na kwetu, ambayo sipendi kuyatia kwenye barua. Bado tunakutana nao sokoni, tunanunua mahindi na maembe yao, wao wananunua samaki wetu. Waraka wenu unawataja mara moja tu, kama watu waliochukua ardhi. Dhuluma ya ardhi ipo, sikatai, lakini kubwa kuliko zote haikufanywa na mkulima wa kipande chake cha shamba. Mwaka ule ule wa 2014 serikali yenyewe ilitangaza kufuta hati za ekari kama 500,000 zilizokuwa zimegawiwa makampuni 22 katika kaunti hii. Hapo ndipo mngeanzia.

Halafu ile kauli ya "Pwani si Kenya" mliyoifanya kichwa cha ukurasa. Najua Mahakama Kuu iliiondoa marufuku ya MRC, kundi la Mombasa Republican Council lenye kauli hiyo, mwaka 2012, najua kuitamka si jinai. Lakini maneno yale ukiyasema London unapigiwa makofi, ukiyasema hapa unapigiwa mlango saa nane za usiku. Watakaotia sahihi ni nyinyi. Atakayeitwa kuhojiwa ni kijana wa Kizingitini asiyekujueni wala nyinyi hamumjui.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka kukwambia hasa.

Kujitawala tumepewa, si kote, lakini tumepewa, tangu Katiba ya 2010. Zahanati na hospitali za kaunti, boti na magari ya wagonjwa, maji, vivuko na magati madogo, uvuvi, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vyote vimo katika Jedwali la Nne upande wa kaunti. Bandari kubwa na usalama vimebaki Nairobi. Fungu letu ni dogo, kwa mwaka wa fedha 2021/22 lilikuwa kama shilingi bilioni 3.1, dogo kuliko la kaunti zote 47, kwa kuwa hesabu ya watu inabeba uzito mkubwa na sisi sensa ya 2019 ilitukuta 143,920. Dogo, lakini babu zetu hawakupata kuiona hata robo yake ikipangwa hapa hapa kisiwani. Na swali langu kwenu ni hili: pesa zenu zinausaidia utawala huo utuhudumie, au zinausaidia usitukumbuke?

Nikupe mfano ambao wewe mwenyewe umo. Ile mashine ya boti mliyoichangia, ya kubebea wagonjwa kutoka kile kijiji cha kisiwa cha Pate. Mashine ilikuja, ikafungwa, picha mkatumiwa. Msimu ule ilifanya kazi kweli kweli. Ungeona mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku, amelazwa juu ya godoro kati ya mbao za kukalia, mkunga ameketi kichwani pake na simu meno yameishika ili imulike, nahodha anatazama maji badala ya kumtazama mgonjwa, kwa sababu yakishatoka, Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, haupitiki, itabidi kuzunguka nje kwenye mawimbi. Wamezaliwa watoto kwa boti ile ambao leo wanakimbia. Petroli ilikuwa ya mchango. Nyinyi mlituma mkachoka. Kijiji kikachanga, nacho kikachoka. Sasa mashine imevuliwa, iko bandani chini ya turubai, na wagonjwa wamerudi kungoja mashua za wavuvi.

Usianze kutafuta mwizi, hakuna aliyeiba. Boti ile haikuwahi kuingia kwenye hesabu ya mtu yeyote, basi. Kabla yenu mwakilishi wa wadi alikuwa akisumbuliwa kila akitoka msikitini Ijumaa: boti ya wagonjwa iko wapi? Siku mlipoleta mashine watu walimwachia njia akapita. Swali lilikuwa limekaribia kuiva, na nyinyi kwa nia njema mkaliepua jikoni.

Hilo ndilo linaloniumiza katika misaada yenu, na nalisema nikijua kwamba mama yangu anakunywa dawa zenu. Mwaka 2024 Kenya nzima ilipokea takriban dola bilioni 4.9 kutoka kwa watu wake walio nje. Pesa zile zinazipita serikali zote mbili juu kwa juu, zinatua kwenye simu ya mama. Ni za jasho, ni halali, na bila ya hizo kuna nyumba hapa zisingewasha moto. Lakini mama akishalipa ada kwa pesa za mwanawe, hana haja tena ya kwenda kuuliza basari ya wadi imegawiwa nani.

Mwaka huu nilihudhuria kikao cha wananchi kuhusu bajeti. Viti vya plastiki vilikuwa vingi kuliko watu, maana maji yalikuwa mazuri na wavuvi walikuwa baharini. Akasimama bibi mmoja wa makamo, buibui amelifunga kiunoni, akauliza: "Petroli ya boti ya wagonjwa iko ukurasa gani?" Vitabu vikafunguliwa, vikapekuliwa, mmoja akaanza kutoka nyuma kuja mbele. Hakuna aliyeuona ukurasa huo. Swali likaandikwa kwenye daftari, bibi akaketi, na ukumbi mzima hakuna aliyemuunga mkono. Unadhani walikuwa hawajali? Yule ana mtoto anayengojea basari. Yule ana zabuni ya kusomba mchanga kwa punda. Yule mkwewe ameajiriwa kibarua na mkataba wake unakwisha mwezi ujao. Mji mdogo huu, Shee, unaujua: anayeuliza leo kesho anaitwa mpinzani, na mpinzani faili lake huwa halionekani.

Wewe huna mtoto anayengojea basari. Hapo ndipo penye manufaa yenu, wala si katika zile pauni. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu. Haikusema raia aliyeko Langoni. Tangu 2010 kuchukua pasipoti ya Uingereza hakukuvui Ukenya uliozaliwa nao, na waliokuwa wameupoteza kabla ya hapo wanaruhusiwa kuuomba upya. Kwa hivyo barua yako kutoka London ina uzito ule ule wa yangu, tena haina mkwe. Na bunge la kaunti linapokea malalamiko ya maandishi kutoka kwa mtu yeyote, sheria ya 2012 inalilazimu. Waraka mrefu kama huu hamjawahi kuupeleka huko hata mmoja. Mnaupeleka kwa mabalozi, na mabalozi wanakujibuni kwa adabu.

Tazama mambo mawili tuliyoyashinda hapa. Kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, pale Kwasasi: kibali chake kilifutwa Juni 2019 na jopo la kitaifa la kesi za mazingira, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na bandari kubwa ya Lamu: kesi ilifunguliwa 2012, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Bandari yenyewe haikusimama, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na fidia ile ilizungushwa miaka, lakini hukumu ipo na imeandikwa. Ushindi huo haukuja kwa bendera. Watu wa hapa walikaa na shirika la Save Lamu na mawakili, wakapekua ripoti za mazingira kurasa kwa kurasa, wavuvi wakaeleza wanavua wapi kusi na wapi kaskazi. Kazi ya kuchosha. Pale mmoja wenu anayejua habari za kuchimba mlango wa bandari, na nasikia Doha mnao, angetufaa kuliko wasemaji kumi.

Jingine nimelitazama kwenye majina yenu. Wahandisi, madaktari, mwalimu wa chuo, mwenye duka. Hakuna hata msichana mmoja wa Saudia. Na hali wewe ukienda kwa wakala wa M-Pesa hapa Langoni mwisho wa mwezi, foleni ile ni ya kina mama ambao binti zao wako Riyadh na Jeddah, wanafua na kulea watoto wa watu. Saudia ni miongoni mwa nchi zinazoleta pesa nyingi zaidi Kenya, na nyingi ya hizo zinatoka kwa mikono hiyo. Binti kama huyo pasipoti yake huenda imefungiwa kabatini kwa tajiri wake, na akipata dakika kumi za simu hatazungumzia Sultani. Atakuuliza kama mwanawe amepelekwa kliniki. Kama waraka ni wa waliotoka Amu, basi na yeye katoka, tena anatuma fungu kubwa la mshahara wake kuliko nyinyi nyote.

Na walio karibu pia mmewasahau. Wabajuni waliovikimbia vijiji vyao vya bara wakati wa vita vya Shifta, miaka ya 1960, wakatua Malindi na Mombasa na mpaka leo wengi hawajarudi, hao nao ni watu wa nje ya Lamu kwa maana yenu. Mashamba yao yalimea msitu, na msitu ukaja kuitwa ardhi isiyo na wenyewe. Ningekuwa mimi, ukurasa wa ardhi ningewapa wao wauandike.

Kuhusu kura ya gavana kwa walio ng'ambo, hapo siko pamoja nanyi. Mwaka 2022 mlio Uingereza, Canada, Marekani, Qatar na kwingineko mlipiga kura, ya rais peke yake, na mimi naona imetosha. Wapiga kura wa Lamu hawafiki 100,000. Elfu chache kutoka nje zitachagua gavana, kisha tutakaoishi naye miaka mitano ni sisi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tayari hapa kila uchaguzi kuna zogo la watu wanaoletwa kwa mabasi kutoka Mombasa kuja kujiandikisha. Tusiongeze wa kuletwa kwa ndege. Na yule mwenzenu anayejitayarisha kwa 2027, mkumbusheni Ibara ya 78. Ofisa wa serikali hashiki uraia wa nchi mbili. Achague kiti au pasipoti, halafu aje kunywa kahawa Mkunguni tumuone.

Nimalizie na jambo la nyumbani kwenu, usinikasirikie. Nyumba ya marehemu babu yako pale Mkomani. Ukuta wa upande wa msikiti umeanza kutoka tumbo, boriti za sabule, chumba cha wageni, zimeliwa, na mwaka huu mvua za masika zilimwaga chokaa mpaka kwenye kichochoro, punda wakawa hawapiti. Fundi yuko tayari. Dalali naye yuko tayari, na ana mzungu mfukoni. Warithi mko Jeddah, Mombasa na London, na hakuna anayekubali kumpa mwenzake uwakala. Mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, kila jengo lina barua zake za ruhusa, na ruhusa haiombwi na watu wasiosemezana. Mnadai Pwani ipate mtawala na nyumba moja haijapata wakili. Kadhi yupo hapa hapa, kazi ya mirathi anaijua. Mtumieni karatasi ya uwakala, mmoja tu, awe hata yule shangazi msiyempenda.

Basi kuhusu waraka: ukurasa wa Sultani ubakizeni aya moja, kauli ya MRC iondoeni, Mpeketoni waandikieni kama majirani. Kisha mgeuze madai yawe maswali, na kila swali liende kwa idara yake na tarehe yake. Taarifa ya mkakati wa fedha ya kaunti hutakiwa kufika bungeni kabla ya tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Ukiuliza Mei umechelewa, pesa zimeshalala mahali pake. La petroli ya boti liwe la kwanza, na uliza lita ngapi na kwa boti ngapi, usiulize kama "kuna mpango", maana mpango upo siku zote. Yule bibi ameomba jina lake lisitiwe popote.

Nakala nitumie kwanza mimi, nikuangalizie majina ya idara, kwa kuwa yamebadilishwa tena. Na petroli ya miezi miwili mkiweza kutuma, tumeni, mashine isishikwe na kutu wakati tunangoja majibu. Ila safari hii risiti zote nitaziambatisha kwenye barua ya bunge la kaunti, zisomwe huko kama deni.

Wote hapa wanakusalimu.

Nduguyo wa Langoni